Vema sita kwa njia mbovu: kisa cha sehemu za aljebra kutoka Uyole

Zoezi lilikuwa na maswali sita ya kurahisisha sehemu zenye herufi. Binti wa kidato cha pili, anayesoma shule ya kutwa hapa jijini Mbeya, aliyapata yote. Mwalimu wake akampigia vema sita za wino mwekundu na kumwandikia "Safi sana". Wiki iliyofuata likaja jaribio la maswali matatu ya mada ileile, akapata sifuri. Safari hii wino mwekundu ulisema "Unazembea, uwezo unao".

Daftari lilinifikia kupitia mama yake, anayeuza viazi pale Uyole, njia ya kwenda Tukuyu na Kasumulu. Nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama aliilaumu simu: mtoto halali, usiku kucha anachati. Kaka mtu, aliye kidato cha nne, alishikilia kwamba mdogo wake ameonewa, na alikuwa na ushahidi ambao nitaufikia. Mwalimu, kama tulivyoona, alisema uzembe. Mimi ni mwalimu wa hesabu na majirani wananijua kwa hilo, hivyo kesi ikahamia kwenye meza yangu.

Sehemu nitaziandika kwa mstari mmoja: kiasi (cha juu) ndani ya mabano, mkwaju (/), halafu asili (ya chini) ndani ya mabano. Mabano hayo yana kazi. Wanafunzi wakitumiana maswali kwa WhatsApp huandika x²-9/x-3, na ukilisoma hilo kama lilivyoandikwa, ni 9 peke yake inayogawanywa kwa x. Mstari mrefu tunaochora daftarini katikati ya kiasi na asili ndio unaofunga kiasi chote pamoja na asili yote pamoja. Ukiuondoa, lazima mabano yachukue nafasi yake. Kisa chote hiki kimejificha hapo.

Haya ndiyo maswali sita na majibu aliyoyaandika:

(x² − 9)/(x − 3) = x + 3
(x² − 25)/(x + 5) = x − 5
(4x² − 9)/(2x − 3) = 2x + 3
(x² − 1)/(x + 1) = x − 1
(a² − b²)/(a + b) = a − b
(x² − 16)/(3x − 12) = (x + 4)/3

Yote ni sahihi. Na haya ndiyo ya jaribio:

(x² + 5x + 6)/(x + 2) = 6x + 3
(x² + 4)/(x + 2) = x + 2
(x − 3)/(x² − 9) = 1/x + 1/3

Yote si sahihi. La kwanza jibu lake ni x + 3. La pili halirahisishiki, linabaki lilivyo. La tatu ni 1/(x + 3).

Ukitazama haraka unaweza kukubaliana na mwalimu. Mtu aliyeweza swali la sita la zoezi, lenye 3x − 12 chini, anashindwaje (x² + 5x + 6)/(x + 2), ambalo wengi huliona rahisi zaidi? Dhana ya kwanza iliyonijia ni kwamba zoezi alinakili kwa mwenzake. Daftari halikusaidia kuikubali wala kuikataa, kwa kuwa hapakuwa na hatua yoyote ya kazi, majibu matupu tu. Basi nikamwomba arudie swali la kwanza mbele yangu, kwa sauti, kwa Kiswahili, bila kuandika.

"Hapa nachukua x kipeo cha pili nagawa kwa x, napata x. Halafu hasi tisa nagawa kwa hasi tatu, napata chanya tatu. Kwa hiyo x jumlisha tatu. Kila mmoja na mwenzake wa chini, mwalimu."

"Na vigawo hukutafuta?"

"Vya nini tena mwalimu, na jibu limeshatoka?"

Hakunakili. Hakuzembea pia. Alikuwa na kanuni, akaitumia kwa uaminifu kwenye maswali yote tisa, tena kwenye jaribio aliitumia kwa uangalifu uleule. La kwanza: x² kwa x ni x, 6 kwa 2 ni 3, na 5x aliyekosa mwenzake wa chini anabaki, jumla x + 5x + 3, yaani 6x + 3. La pili: x na 2. La tatu: x kwa x² ni 1/x, hasi tatu kwa hasi tisa ni 1/3. Kanuni ni moja. Sita zikapita, tatu zikagonga mwamba.

Njia iliyotarajiwa darasani ilikuwa hii: x² − 9 ni tofauti ya miraba miwili, hivyo ni (x − 3)(x + 3), na mabano hayo mawili yanayozidishana ndiyo vigawo vyake. Juu kuna (x − 3) inayozidishwa na (x + 3), chini kuna (x − 3). Kigawo hicho ni cha shirika, tunagawanya kiasi na asili kwa hicho, inabaki x + 3. Jibu ni lilelile la binti, na mwenye kusahihisha majibu pekee hana namna ya kuona kwamba watu wawili wamefika mahali pamoja, mmoja kwa barabara na mwingine kwa kudandia.

Kwa nini njia mbovu ilitoa majibu sahihi mara sita mfululizo? Hapa ndipo kisa kinaponoga, na sitaki kupita haraka. Bahati ya mtende ingeeleza jibu moja, pengine mawili. Haielezi sita. Chukua sehemu yoyote yenye vipande viwili juu na viwili chini, (A + B)/(C + D). Kanuni ya binti inasema jibu ni A/C + B/D. Tuulize: ni lini hayo mawili yanalingana kweli? A/C + B/D, ukiipa asili moja, ni (AD + BC)/(CD). Zidisha pande zote mbili kwa CD(C + D). Upande mmoja unapata (A + B)CD, ambayo ni ACD + BCD. Upande wa pili unapata (AD + BC)(C + D), ambayo ni ACD + AD² + BC² + BCD. ACD na BCD zipo pande zote, zinaondoka. Kinachobaki ni sharti moja tu:

AD² + BC² = 0

Sasa weka swali la kwanza: A ni x², B ni −9, C ni x, D ni −3. AD² ni 9x². BC² ni −9x². Jumla ni sifuri, na ni sifuri kwa kila x. Weka la tano: A ni a², B ni −b², C ni a, D ni b. Unapata a²b² − b²a², sifuri tena. Hata lile la sita lenye 3 iliyofichwa linatimiza sharti: x² mara 144 ni 144x², na −16 mara 9x² ni −144x². Kwa maneno mengine, pale juu panapokuwa na tofauti ya miraba miwili na chini pana mojawapo ya vigawo vyake, kanuni ya binti haikosei kamwe. Zoezi zima lilichaguliwa kutoka katika familia hiyo moja ya maswali. Lingekuwa na maswali mia, angepata mia.

Angalia na la pili la jaribio: A ni x², B ni 4, C ni x, D ni 2. AD² + BC² ni 4x² + 4x², yaani 8x². Hiyo huwa sifuri pale tu x ikiwa sifuri. Kumbuka hilo, maana linatupeleka moja kwa moja kwenye ushahidi wa kaka mtu.

Huyu kijana alikuwa amefundishwa jambo zuri: ukitaka kujua kama umerahisisha vizuri, pachika namba mahali pa x katika swali na katika jibu, uone kama zinatoa kitu kimoja. Akapachika. Na kwa kuwa sifuri ndiyo namba nyepesi kuliko zote, akaanza nayo. (0 + 0 + 6)/(0 + 2) ni 3. Jibu la dada yake, 6x + 3, nalo ni 3. Safi. Swali la pili: 4/2 ni 2, na x + 2 nayo ni 2. Safi tena. Swali la tatu likamletea 1/0, akaliruka. Kwa hesabu yake dada alistahili mbili kwa tatu, na alikuwa tayari kwenda shuleni kumweleza mwalimu hivyo. Sikumlaumu. Alikuwa na kipimo, na kipimo kilimwambia alichomwambia.

Shida ni kwamba sifuri haiwezi kulinasa kosa hili hata siku moja. Ukipachika sifuri, kila kipande chenye x kinatoweka, juu na chini, na zinabaki namba za mwisho peke yake: 6 juu ya 2, 4 juu ya 2. Na hicho ndicho hasa binti alichokigawanya sawasawa. Kosa lote liko kwenye vipande vya x, na sifuri imeshavifagia. Moja nayo ina udhaifu wake, kwa sababu x, x² na x³ zote huwa 1, hivyo mtu aliyekosea vipeo anaweza kupita bila kuguswa. Mimi huwaambia watoto wapachike 10. Ni nyepesi, na vipeo vyake vinajitenga vyenyewe: 10, 100, 1,000. Swali la kwanza la jaribio kwa 10 ni 156/12, yaani 13. Jibu la binti linatoa 63. Swali la pili ni 104/12, ambayo haifiki hata 9, na jibu lake linatoa 12. La tatu ni 7/91, yaani 1/13, wakati jibu lake ni 1/10 + 1/3, zaidi ya theluthi moja. Kaka mtu aliangalia hesabu hizo kimya kidogo, kisha akasema, "Basi mwalimu wao yuko sahihi." Kwa upande wa jaribio, ndiyo.

Lakini kipimo hicho hakiwezi kulifikia zoezi la kwanza. Pachika 10, pachika 7, pachika namba yoyote uitakayo isipokuwa ile inayofanya asili kuwa sifuri: majibu sita yatapita, kwa kuwa ni sahihi. Kupachika namba kunapima jibu, njia hakuigusi. Ukitaka kupima njia inabidi ubadilishe swali.

Hapo nilimshirikisha mwenzangu anayefundisha Tukuyu, naye kwa kujiamini akanitumia maswali aliyodhani yatamnasa mwanafunzi wa aina hii. La kwanza lilikuwa (x² − 9)/(3 − x), ameligeuza kichwa chini miguu juu ili alama ya hasi imchanganye. Kwa kanuni ya binti: x² kwa −x ni −x, −9 kwa 3 ni −3, jibu −x − 3. Sahihi kabisa. La pili lilikuwa (x² − 9)/(x² − 3x). Kwa kanuni yake: 1 + 3/x. Njia halali inatoa (x + 3)/x, ambayo ni kitu kilekile. Mwenzangu alikuwa bado anachota kisima kilekile: juu tofauti ya miraba, chini kigawo chake, amekizidisha tu kwa kitu kingine. Sharti letu linabaki sifuri, na mwizi anapita getini akiwa amevaa sare.

Yanayonasa ni mengine. Pindua sehemu, lete (x − 3)/(x² − 9). Weka vipande vitatu juu. Weka jumla ya miraba badala ya tofauti. Au weka asili ambayo si kigawo cha kiasi, kama (x² − 16)/(x − 2): binti ataandika x + 8, na kwa 10 swali linatoa 84/8, yaani 10.5, jibu linatoa 18. Swali moja la aina hiyo katikati ya yale sita lingeonyesha ugonjwa wiki moja mapema. Hili ndilo lawama pekee ninaloliona kwa mwalimu wa darasa, na ni dogo. Mwenye madaftari ya mikondo kadhaa mezani husahihisha majibu, na majibu yalikuwa sahihi. Neno "unazembea" ndilo silikubali, kwa sababu lilimtuma binti kutafuta kosa mahali ambapo halipo. Alirudi nyumbani akafanya bidii zaidi kwa kanuni ileile.

Watu wa hesabu wana mfano mkongwe wa jambo hili kwenye namba tupu: 16/64. Futa 6 ya juu na 6 ya chini, inabaki 1/4, na ni kweli 16/64 ni 1/4. Hali ni hiyo kwa 19/95, 26/65 na 49/98. Jaribu 13/34 kwa namna hiyo uone utakapofika.

Nikarudi kwa binti. Swali langu lilikuwa kanuni yake ilizaliwa wapi, maana mtoto haokoti kanuni barabarani. Tulipofungua kurasa za nyuma za daftari tukaipata. Kabla ya mada hii walifanya maswali kama (6x + 9)/3, na jibu lilikuwa 2x + 3. Pale alifundishwa kugawanya kila kipande cha juu kwa 3, na hilo ni sahihi, kwa sababu (A + B)/C ni A/C + B/C. Asili ikiwa moja, inawahudumia wote walio juu. Mada mpya ilipokuja, asili ikawa na vipande viwili, naye akaona juu wako wawili na chini wako wawili, akawaoanisha. Kuzidisha sehemu kulimpa nguvu zaidi: (ab)/(cd) ni kweli sawa na (a/c) mara (b/d), kila mmoja na mwenzake. Kanuni ya kuzidisha akaihamishia kwenye kujumlisha, na hakuna aliyemzuia mpakani.

Kwa namba ni rahisi kuona. (6 + 8)/(2 + 4) ni 14/6, mbili na ushei. Kwa kuwaoanisha unapata 3 + 2, yaani 5. Kiini ni asili: jumla iliyo juu inaweza kugawanywa vipande vipande, jumla iliyo chini haiwezi. 12/(2 + 4) ni 2, lakini 12/2 + 12/4 ni 9.

Namba zile alizikubali, ila nilimwona anazikubali kwa adabu tu. Kilichomfungua ni viazi. Nikamwambia: tuseme Fuso ya kutoka Uyole kwenda Dar es Salaam inakodishwa kwa sh. 1,200,000, na makuli wanataka sh. 2,000 kwa kila gunia kupakia. Magunia ni 100. Kila gunia linabeba gharama gani? Hakuhitaji kalamu. "Elfu kumi na mbili ya gari, na elfu mbili ya makuli. Elfu kumi na nne." Nikasema sawa, sasa magunia sijui ni mangapi, yaite n. Akaandika vizuri: (1,200,000 + 2,000n)/n. Nikamwambia arahisishe. Akapiga mstari kwenye n ya juu, akapiga mstari kwenye n ya chini, akaandika 1,202,000.

Akaitazama. "Gunia moja? Viazi gani hivyo?"

Alichokuwa amefanya ni kuigawanya hela ya makuli kwa magunia na kuisahau hela ya gari, hivyo kila gunia likabebeshwa Fuso nzima. Mwenyewe akafuta, akaandika 1,200,000/n + 2,000. Sikumweleza neno. Mtoto aliyekulia kwenye biashara ya viazi anajua kwamba kodi ya gari wanagawana magunia yote, na kwamba magunia yakiongezeka kila moja linapumua. Herufi n ilikuwa imemfanya asahau anachokijua.

Tukaweka utaratibu mmoja. Kabla hajagusa sehemu yoyote, anazungushia kiasi chote mabano, na asili yote mabano. Kisha anajiuliza: je, naweza kuandika kiasi hiki kama kitu mara kitu? Na asili? Kama kuna kitu kimoja kinachozidisha juu kote na kinachozidisha chini kote, hicho kinagawanywa. Kama hakipo, sehemu inaachwa ilivyo, nayo ni jibu kamili. Hilo la mwisho lilimsumbua. Wanafunzi wengi huamini kwamba swali likisema "rahisisha" lazima kitu kiondoke, na (x² + 4)/(x + 2) huwatesa kwa sababu hiyo.

Safari iliyofuata alikuja na ugonjwa mwingine, na huu niliutarajia. Alikuwa ameacha kukata kabisa. (2x + 4)/6 aliiacha kama ilivyo. Nilipouliza, akasema, "Kuna jumlisha, mwalimu." Alikuwa amechukua kanuni mpya kwamba penye jumlisha hapakatwi. Ni kanuni fupi, inakaa vizuri kichwani, na walimu wengi huisema hivyohivyo. Mimi nimeacha kuisema. Jumlisha haina hatia. 2x + 4 ni 2(x + 2), 6 ni 2 mara 3, hivyo 2 ni kigawo cha kiasi chote na cha asili yote, na jibu ni (x + 2)/3. Hata (x + 2) yenyewe, yenye jumlisha ndani, inaweza kugawanywa nzima nzima ikiwa inazidisha juu na chini.

Lile la (x − 3)/(x² − 9) lilimpa taabu ya aina yake. Alitafuta vigawo vizuri, akakata (x − 3) juu na chini, akaona juu hakuna kitu, akaandika x + 3. Kwa macho yake kilichobaki ni hicho, kwa hiyo hilo ndilo jibu. Nilimwambia apachike 10. Swali likatoa 1/13, jibu lake 13. Akajua mwenyewe kwamba juu panabaki 1, kwa kuwa (x − 3) imegawanywa kwa (x − 3), na kitu chochote kisicho sifuri kikigawanywa kwa chenyewe ni 1. Kuna wanaoandika sifuri hapo. Wanaopiga mstari bila kujua kwamba mstari ule ni tendo la kugawanya ndio huishia huko.

Maneno hayo "kisicho sifuri" yalileta jambo ambalo sikukusudia kulifundisha siku hiyo. Katika kupima majibu yake ya zoezi la kwanza, binti alipachika 3 kwenye (x² − 9)/(x − 3). Kikokotoo cha simu kikagoma. Jibu lake, x + 3, likatoa 6. Akanijia na wasiwasi: sasa ni sawa au si sawa? Nikamjibu ni sawa kwa kila x isipokuwa 3. Kwa x = 3 swali halina thamani, maana ni 0/0 na hakuna kugawanya kwa sifuri, lakini jibu lililorahisishwa halikumbuki hilo. Mwandishi makini huandika x + 3, halafu pembeni x ≠ 3. Wengine wataona ni mzigo kwa mtoto wa kidato cha pili. Kwangu mimi, mtoto aliyelikuta mwenyewe kwenye simu yake hastahili kuambiwa asubiri.

Kaka mtu alirudi tena, safari hii na swali lake. Alitaka kujua kama ile AD² + BC² = 0 inaweza kutimia kwenye swali la tatu la jaribio kwa namba yoyote. Tukaweka: A ni x, B ni −3, C ni x², D ni −9, tukapata 81x − 3x⁴ = 0. Hiyo inatimia kwa x = 0 na kwa x³ = 27, yaani x = 3. Lakini kwa sifuri jibu la dada yake halina thamani, na kwa 3 swali lenyewe halina thamani. Kwa hiyo hakuna hata namba moja. Alifurahi kuliko dada yake.

Nilimwandikia mwalimu wa darasa ujumbe mfupi, nikamweleza njia aliyotumia binti na kwa nini vema sita zilikuwa halali kwa majibu. Aliupokea vizuri. Akatoa jaribio jingine la maswali manne kwa darasa zima, akiagiza hatua zionekane, na la kwanza akaweka (x² + 25)/(x + 5). Nilisikia kwamba wanafunzi wasiopungua nusu ya meza ya binti huyu waliandika x + 5, wakiwemo wenye "Safi sana" zao kwenye zoezi la awali. Binti aliandika "hairahisishiki" na kupata vema.

Alipata matatu kwa manne. Lililompiga ni (x² − 5x)/(5 − x). Juu alitoa x(x − 5), chini akaona 5 − x, akavihesabu kuwa kitu kimoja, akajibu x badala ya −x. Hilo ni kosa la alama ya hasi, na Jumamosi tutaanza nalo.